Anayemaliza Hesabu Kabla ya Wenzake

Kuna neno moja tunalolisikia mara nyingi siku ya kutangaza matokeo, wazazi wanapokusanyika katika uwanja wa shule kusikiliza majina na pointi za watoto wao. Jina la mtoto hodari likiisha kutajwa, watu hupiga makofi, kisha mmoja husema: «Huyo hana shida. Mwenye akili hujisaidia mwenyewe. Tuwaangalie walio nyuma.» Neno hilo lasemwa kwa moyo mwema, maana walio nyuma wana haki kabisa ya kusaidiwa. Lakini nusu yake si kweli, na nusu hiyo imewapotezea watoto wengi njia yao. Leo twataka kuzungumza nanyi wazazi, nanyi walimu, na ninyi wanafunzi pia, juu ya mtoto mwenye akili nyingi, ambaye naye ahitaji mkono wa mtu mzima, tena auhitaji mapema, angali katika shule ya msingi.

Kwanza tumjue mtoto mwenyewe. Wengi wadhani ni yule wa kwanza darasani, mwenye daftari safi, akaaye kimya na kuinua kidole kwa adabu. Pengine ndiye. Mara nyingi siye. Mwalimu aandika hesabu 10 ubaoni. Wenzake wako kwenye ya tatu, yeye amekwisha maliza. Afanye nini sasa? Hutazama dirishani, humchokoza jirani yake, huchora mbuzi juu ya jalada la daftari. Mwalimu akimwona humtoa nje akafagie uwanja, au humwongezea hesabu nyingine 10 za namna ileile. Mtoto si mjinga. Baada ya juma moja ametambua kwamba malipo ya kumaliza upesi ni kazi zaidi, basi hujifunza kwenda polepole kama wengine. Akiendelea hivyo miaka mitano au sita, hufaulu kila mwaka pasipo kutoka jasho, wala hapati hata siku moja kushindana na jambo gumu. Akifika sekondari, jambo gumu la kwanza humwangusha. Yeye hushangaa, na wazazi wake hushangaa zaidi.

Mwingine hujulikana kwa maswali yake. Kwa nini mwezi watufuata tukitembea usiku? Baada ya namba kubwa kuliko zote kuna nini? Akiuliza hivyo mbele ya wageni, huambiwa kwamba amekosa adabu. Mwingine amejifunza kusoma kwa kutazama maandiko ya magunia ya unga, kabla hajatia mguu shuleni, na hakuna aliyemwona. Mwingine hasemi neno, hasa akiwa msichana, kwa kuwa amefundishwa kwamba msichana mwema haoneshi anayoyajua. Tena kuna yule aliyekuwa moto katika miaka ya kwanza, alipofundishwa kwa Kiswahili, kisha akanyamaza Kifaransa kiliposhika nafasi. Akili yake haikupungua. Yaliyompungukia ni maneno. Mwalimu akimwuliza kwa lugha ya nyumbani atashangaa kwa majibu yake.

Lakini mwalimu atasema: «Ninyi mwaandika tu. Mimi nina watoto wengi kuliko madawati. Nitamwona huyo mmoja wakati gani?» Twajua. Katiba yetu ya mwaka 2006 ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na mwezi wa Septemba 2019 serikali ilipoanza kulitimiza neno hilo kote nchini, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa ada walifurika shuleni. Ni jambo la furaha. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo uleule, na mwalimu ndiye aliyeuchukua mzigo. Kwa sababu hiyo, habari tutakayowasimulia kwanza tumeichagua katika darasa lililojaa kama ya kwetu.

Mwaka 1784, katika mji wa Braunschweig huko Ujerumani, mtoto wa miaka saba jina lake Carl Friedrich Gauss alitiwa shuleni. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono, leo bustanini, kesho kwenye uashi. Mama yake hakujua kuandika. Waandishi wa maisha yake wasimulia kwamba darasa lilikuwa na watoto kama 100 katika chumba chenye dari ya chini, na mwalimu, Bwana Büttner, alipita katikati yao na mjeledi mkononi. Huyu hakuwa mwalimu mpole wa hadithi.

Siku moja Büttner aliwapa watoto wa darasa la hesabu kazi ndefu ya kujumlisha. Husimuliwa kwa kawaida kwamba aliwaamuru wajumlishe namba zote tangu 1 hata 100. Ilikuwa desturi kwamba amalizaye hukiweka kibao chake juu ya meza ya mwalimu, na anayefuata hukiweka chake juu ya hicho. Büttner hakuwa amemaliza kusema vizuri Gauss alipokiweka cha kwake mezani na kurudi kukaa. Wenzake waliendelea karibu saa nzima. Vibao vilipogeuzwa, cha Gauss kilikuwa chini kabisa ya fungu, na juu yake palikuwa na namba moja tu, nayo ilikuwa sawa.

Ninyi wanafunzi mtapenda kujua alivyofanya. Hakujumlisha moja baada ya nyingine. Chukueni namba ya kwanza na ya mwisho: 1 na 100 ni 101. Ya pili na ya kabla ya mwisho: 2 na 99, nazo ni 101. Halafu 3 na 98, vilevile. Zipo jozi 50 za namna hiyo, na 50 mara 101 ni 5050. Kazi ya saa nzima imekwisha.

Watu husimulia habari hiyo ili kumsifu mtoto, kisha hukomea hapo. Sisi twaona kwamba jambo kubwa zaidi ni lile lililofuata. Büttner, mtu wa mjeledi, hakumpa Gauss namba nyingine ndefu ili kumnyamazisha. Aliagiza kitabu bora cha hesabu kutoka Hamburg, akampa. Tena alikuwa na msaidizi, kijana wa miaka kama 17 jina lake Martin Bartels, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga kalamu za manyoya na kuwaongoza watoto wadogo katika kuandika. Bartels naye alipenda hesabu. Wawili hao wakaanza kusoma pamoja, mkubwa na mdogo, wakisaidiana mahali palipokuwa pagumu. Na kwa kuwa jioni mtoto alitakiwa na baba yake kusokota nyuzi za kitani ili kuongeza pato la nyumba, mwalimu alisema na baba, na baba akakubali kumwachia mtoto saa za jioni asome. Mwaka 1788 Gauss aliingia shule ya juu. Mwaka 1791 alipelekwa mbele ya mtawala wa Braunschweig, naye mtawala akaanza kumlipia masomo. Leo wenye elimu ya hesabu humhesabu katika wakubwa wa nyakati zote. Lakini katika mwaka wa mjeledi na vibao, kilichomfaa kilikuwa kitabu kimoja, rafiki mmoja aliyemtangulia kidogo, na mazungumzo na baba juu ya nyuzi za kitani.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumtayarishia mmoja somo lake peke yake kila siku, wala hatumwombi. Aweza kumpa swali la aina nyingine. Amalizaye hesabu 10 asipewe nyingine 10, bali aulizwe: Je, ipo njia ya pili ya kupata jibu hilohilo? Waweza kuwatungia wenzako swali moja gumu la kesho? Au mwalimu aandike pembeni ya ubao: 1 na 3 ni ngapi, 1, 3 na 5 ni ngapi, 1, 3, 5 na 7 ni ngapi, waona nini? Mtoto atapata 4, kisha 9, kisha 16, naye akitafakari vema ataona kwamba ni 2 mara 2, 3 mara 3, 4 mara 4. Atataka kujua kama itaendelea hivyo daima, na kwa nini. Swali kama hilo laweza kumshika siku mbili, nalo limegharimu kipande cha chaki.

Kuna njia nyingine ambayo walimu wetu waipenda sana, yaani kumweka mtoto hodari awafundishe wenzake. Ni njema kwa kiasi. Anayeeleza jambo hulijua zaidi, na mtoto aliyekwama pengine humwelewa mwenzake upesi kuliko mwalimu. Lakini tusimgeuze kuwa mwalimu msaidizi asiye na mshahara mwaka mzima, maana yeye mwenyewe atajifunza lini? Robo saa leo na robo saa kesho yatosha. Mengine ni haki yake.

Vitabu ni shida kubwa, hilo hatulifichi. Lakini kitabu cha darasa la tano kiko katika chumba cha jirani. Mwalimu wa darasa la nne akimwomba mwenzake kwa siku mbili, au akimwomba ampokee mtoto saa ya hesabu peke yake, mkurugenzi wa shule akiridhia, hakuna sheria iliyovunjika wala faranga iliyotoka. Kuna shule ambazo mtoto hukaa na rika lake kwa masomo yote, ila kengele ya hesabu ikilia hubeba daftari lake na kuvuka ukumbi.

Je, yafaa kumrusha mtoto darasa zima? Wazazi wengi waogopa, na wengine, kinyume chake, walitamani mno kwa ajili ya sifa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani walikusanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya jambo hili, wakaeleza kwamba watoto waliochaguliwa vizuri na kupandishwa mbele ya rika lao hufaulu katika masomo, na kwa jumla hawaumii katika urafiki wao. Basi woga usituzuie. Lakini angalieni hayo maneno mawili, «waliochaguliwa vizuri». Mtoto awe anajua tayari mambo ya mwaka anaourushwa, yaani asome, aandike na kuhesabu kama wale atakaowakuta, wala asiwe bingwa wa somo moja tu. Tena yeye mwenyewe atake. Mtoto anayelia kwa kuachana na wenzake asisukumwe ili baba apate neno la kusema sokoni.

Hapo pana hatari nyingine, ya kudhani kwamba jaribio moja litatutambulisha watoto wote wenye kipaji. Mwaka 1921 mtaalamu Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi katika jimbo la California, kwa maneno ya walimu na kwa majaribio ya akili, akapata zaidi ya 1500, ambao maisha yao yalifuatwa kwa miaka mingi. Katika watoto waliopimwa wakaachwa, kwa kuwa hawakufikia kiasi, walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, wa pili mwaka 1968. Katika wale 1500 waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata. Nasi tukumbuke hilo tunaposoma karatasi ya matokeo. Asilimia 60 ya mtoto achotaye maji kabla ya jua kuchomoza na kutembea saa nzima kufika shuleni, si sawa na asilimia 60 ya mtoto aliyepelekwa kwa pikipiki akiwa ameshiba.

Na hilo latuleta nyumbani, ambako mambo mengi huamuliwa.

Wazazi wapenzi, hatusemi kwamba mtoto hodari asifanye kazi. Kila mtoto wa kwetu huchota maji, hulea wadogo, hukaa na mama penye meza ya kuuzia makaa au ndizi, na kazi hiyo humjenga. Twasema kuhusu saa. Jua likiisha kuzama, nyumba nyingi hazina taa ya kusomea; basi saa iliyo ya maana kwa mtoto ni ile moja kabla ya giza, nayo ndiyo saa ile ile ya maji, kuni na moto wa jikoni. Na nani hutumwa? Kaka yake huambiwa: «Soma, kesho una mtihani.» Yeye, msichana, huambiwa: «Lete ndoo.» Ikiwa katika nyumba moja msichana ndiye mwenye akili zaidi, na mara nyingi ndivyo ilivyo, kaka yake hatavunjika mgongo kwa kubeba ndoo mbili siku za mitihani. Tumewasikia wazee wakisema kwamba mvulana akibeba ndoo ni aibu. Sisi hatuoni aibu yoyote hapo.

Neno jingine ni juu ya sifa. Mwaka 1998 wataalamu wawili Wamarekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao baada ya kufaulu walianza kuchagua kazi rahisi, wasije wakaonekana wajinga. Bali waliosifiwa kwa bidii walichagua ngumu. Mtoto akiitwa «profesa» mbele ya kila mgeni, siku atakapokwama ataficha daftari. Na ndugu zake wanaosikia jina hilo kila siku wana masikio pia. Afadhali mzazi amwulize: «Leo ni jambo gani lilikushinda?» Swali hilo hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuliuliza.

Wapo wazazi wanaojidharau, wakisema: «Mimi sikusoma, nitamsaidiaje huyu aliyenipita?» Kwa ajili yao tuna habari ya pili, nayo ni ya bara letu la Afrika.

Albert Camus alizaliwa mwaka 1913 nchini Aljeria, iliyokuwa wakati ule chini ya Wafaransa. Hakuwa na mwaka mmoja baba yake alipokufa vitani, Oktoba 1914. Mama yake alisikia kwa shida, hakujua kusoma, na aliwalisha watoto wake wawili kwa kufanya usafi katika nyumba za watu. Walikaa mtaa wa maskini wa Belcourt, mjini Algiers, kwa bibi mzaa mama, mwanamke mkali aliyeshika mambo yote ya nyumba. Kitabu hakikuwamo ndani. Bibi alikuwa amekwisha kata shauri: Albert akimaliza shule ya msingi atafutiwe kazi alete fedha. Tusimhukumu upesi. Chungu kilikuwa mikononi mwake, naye alijua kilichomo.

Mwalimu wa darasa la mwisho, Louis Germain, alimwona mtoto huyu. Yeye na wenzake wachache aliwaweka baada ya masomo, kila siku, saa mbili, bila malipo, akiwatayarisha kwa mtihani wa kupata msaada wa serikali wa kulipia sekondari. Lakini mtihani haukuwa mlima mkubwa. Mlima ulikuwa bibi. Germain akaenda mwenyewe nyumbani kwao, akazungumza naye mpaka akakubali. Mwaka 1924 Albert aliingia Lycée Bugeaud, shule kubwa ya sekondari ya Algiers. Miaka 33 baadaye, mwaka 1957, alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na tarehe 19 Novemba ya mwaka huo alimwandikia mwalimu wake wa shule ya msingi barua ya shukrani, akimweleza kwamba alipopata habari ya tuzo, mtu wa kwanza aliyemfikiria baada ya mama yake alikuwa yeye.

Twapenda kuongeza kwamba katika Aljeria ya wakati ule watoto wengi sana Waislamu, wana wa nchi wenyewe, hawakuwa na nafasi yoyote shuleni. Ni akina Camus wangapi waliochunga mbuzi nje ya mji, hakuna awezaye kuwahesabu.

Na mtu asidhani kwamba Germain alimsaidia Albert kwa kuuonea huruma umaskini wake. Mwaka 1959 alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani barua ndefu, akamwambia kwamba hakuujua. Mtoto alikuja daima na nguo safi, uso ukionesha furaha ya kuwa darasani, wala hakusema lolote juu ya hali ya nyumbani. Mwalimu alianza kushuku siku ile mama alipokuja kumwona kwa sababu ya jina la mwanawe katika orodha ya watakaofanya mtihani. Mama huyo hakujua kusoma, wala hakusikia vema aliyoambiwa. Lakini alikwenda shuleni akaonana na mwalimu.